Gitega au Ngozi? Mtoto amepata nafasi mbili za kusoma biashara



Mwaka hata mwaka, matokeo ya Exetat yakitoka, hapa Gasorwe kunakuwa shangwe ya siku mbili tatu. Mtoto anamwagiwa poda nyeupe kichwani kama tulivyozoea kwetu Kongo, mama anapiga vigelegele, jirani anakuja na soda. Halafu kelele zinakwisha, nyumba inabaki na ulizo moja: sasa aende wapi?

Kwa wengi jibu ni fupi, maana hakuna pesa ya kwenda popote. UNHCR walijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, wakimbizi 15 kati ya 100 wenye umri wa kusoma chuo kikuu wawe wanasoma. Mwaka 2019 walikuwa 3 tu kati ya 100, na mwaka 2023 walikuwa 7. Kwa hiyo nyumba inayoumwa kichwa kwa kuchagua kati ya vyuo viwili, iko na shida ya heri. Lakini ni shida ya kweli. Kuna watoto wanarudi kambini mwaka wa pili bila karatasi yoyote mkononi, kwa sababu wakubwa walichagua jina la chuo na hawakupiga hesabu ya kufika mwisho.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Usianze kutafuta ni ya nani katika kartie yenu. Ni nyumba nyingi tulizoziweka pamoja. Papa alikuwa mfanyabiashara Uvira kabla ya kukimbia. Mama anauza mafuta ya ngazi na nyanya kwenye soko la kambi. Binti wao wa kwanza amemaliza sekondari, sehemu ya biashara, na anataka kuendelea na gestion, yaani uongozi wa biashara. Amepata nafasi mbili: moja katika chuo cha binafsi mjini Gitega, nyingine katika chuo cha binafsi mjini Ngozi. Papa anasema Gitega. Mama anasema Ngozi. Binti ananyamaza, na kunyamaza kwake tutakurudia.

Kwa nini Papa anasema Gitega

Papa ana sababu zake, tusimcheke. Gitega ndiyo makao makuu ya siasa ya Burundi tangu mwaka 2019. Kutoka huku kwetu unapitia Karuzi na kufika. Papa anasema: "Mtoto akisomea penye wakubwa, wakubwa watamuona." Tena dada yake Papa anakaa Gitega, kwa hiyo kuna nyumba ya kulala.

Lakini kwa mtu wa biashara, neno makao makuu lisimpe usingizi. Serikali ilihamia Gitega. Biashara kubwa ilibaki Bujumbura, mji wa uchumi. Mabenki mengi yana ofisi zao kubwa kule, zikiwemo zile zilizotoka nchi jirani, kama CRDB ya Tanzania na KCB ya Kenya, ambazo zote ziliingia Burundi mwaka 2012. Kwa hiyo kama Papa anafikiri binti atatoka oditwari na kuvuka barabara kuingia kazini, hesabu hiyo haijakaa sawa.

Mama naye ana sababu zake. Ngozi iko kwenye barabara kubwa inayotoka Kayanza, inapita Ngozi, inapita Muyinga, na kuteremka mpaka Kobero kwenye mpaka wa Tanzania. Magari yanapita. Mtoto akiugua, Mama anaweza kufika siku hiyohiyo. Na mji wa Ngozi umezoea wanafunzi: Chuo Kikuu cha Ngozi kilianza mwaka 1999, wakati Burundi yenyewe ilikuwa bado katika vita. Hilo Mama analipenda. Anasema watu walioanzisha shule wakati wa risasi wanajua shida ya watu.

Kwa njia, kuna chuo kingine cha Burundi ambacho wakimbizi wote wangepaswa kukijua kwa historia yake tu. Hope Africa University, cha kanisa la Free Methodist, kilianzia Nairobi mwaka 2000, ugenini, kikahamia Bujumbura mwaka 2003. Kinafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Chuo kizima kilikuwa uhamishoni kama sisi, kikafunga mizigo kikarudi. Lakini turudi kwa nyumba yetu.

Hesabu ya mwaka mmoja inadanganya

Wazazi wengi wanauliza ulizo moja tu: minervali ni ngapi? Wanalinganisha minervali ya huku na ya kule, wanachukua iliyo ndogo. Tuangalie vile inavyoweza kuwadanganya. Namba hizi ni za mfano tu, si bei ya chuo chochote. Wewe weka namba zako ulizopewa na ofisi ya chuo.

Tuseme chuo cha Gitega kinaomba franga 700,000 kwa mwaka, na cha Ngozi kinaomba 550,000. Ngozi ni rahisi zaidi, si ndiyo? Ngoja kwanza. Gitega binti atalala kwa shangazi bila kulipa nyumba, na Papa atachangia chakula franga 40,000 kwa mwezi. Kwa miezi 10 ni 400,000. Safari za kuja nyumbani, tuseme mara 3 kwa mwaka, kwenda na kurudi, franga 25,000 kila njia, ni 150,000. Jumla kwa mwaka ni 1,250,000.

Ngozi hana ndugu. Chumba ni 50,000 kwa mwezi, miezi 10 ni 500,000. Chakula cha kujipikia ni 80,000 kwa mwezi, yaani 800,000. Safari ni karibu zaidi, tuseme 15,000 kila njia, jumla 90,000. Ukiongeza minervali unapata 1,940,000.

Kwa miaka 3, Gitega ni 3,750,000 na Ngozi ni 5,820,000. Chuo chenye minervali ndogo kimekuwa ndicho cha bei kali. Na bado hatujaweka staji ya mwaka wa mwisho, bado hatujaweka memwari: kuichapa, kuifunga, kumfuata mwalimu anayeiongoza, na pesa ya siku ya kuitetea. Uliza mapema kama vitu hivyo vimo ndani ya minervali au vinalipwa pembeni. Wengi wanafika hapo wakiwa wameishiwa, na mtu aliyesoma miaka yote bila kutetea memwari, mbele ya mwajiri ni kama hakusoma. Ni uchungu mkubwa kuliko kutoanza.

Tena miaka 3 ya kwenye karatasi inaweza kuwa 4 ya kalenda. Na safari nayo haina bei moja: miaka hii tumeona jinsi petroli inavyokosekana Burundi na bei ya tikiti kupanda kwa wiki moja. Ukimaliza hesabu yako, ongeza kitu juu.

Jambo lingine la kuuliza kwenye ofisi ya chuo: mkimbizi analipa kama nani? Vyuo vingi duniani vina bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, na ya mgeni ni kubwa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 juu ya wakimbizi, kifungu cha 22, unasema kwamba kwa masomo ya juu ya shule ya msingi, nchi impe mkimbizi nafasi nzuri kadiri inavyowezekana, na isiwe chini ya ile ya wageni wengine. Unataja kwa wazi kuingia masomoni, kukubaliwa kwa diploma za nchi ya nje, kusamehewa ada na kupewa ufadhili. Kifungu hicho hakimlazimishi rekta wa chuo cha binafsi kukupunguzia. Lakini ukikitaja kwa heshima, na cheti chako cha ukimbizi mkononi, unazungumza kama mtu anayejua anachoomba. Jibu wakupe kwa maandishi.

Nyumba ya shangazi

Sasa tumrudie binti aliyenyamaza. Siku moja jioni, Mama akiwa anachagua maharage, alimuuliza taratibu, naye akasema: "Mama, mimi sikatai Gitega. Nakataa kwenda kulea watoto wa Shangazi."

Papa akisikia maneno kama hayo anakasirika. "Shangazi yako ni mama yako!" Kweli. Lakini tuseme ukweli ambao kila mmoja wetu anaujua. Msichana akipelekwa kwa ndugu mjini, mara nyingi anaamka kabla ya wote, anateka maji, anapika, anafua, anawapeleka wadogo shule, ndipo anakimbilia masomo. Jioni ni vilevile. Mvulana katika nyumba ileile anaambiwa: "Soma, mtoto wangu." Hakuna aliyepanga ubaya. Shangazi naye amechoka, ana watoto wake, na mgeni asiyelipa nyumba lazima asaidie. Lakini zile franga 500,000 za chumba ambazo Papa amefurahi kuziokoa, binti anazilipa kwa masaa yake, na masomo ya gestion yana hesabu, takwimu, uhasibu. Mtu hawezi kuyasoma akisinzia.

Hapo ndipo wazee wanapaswa kufanya kazi yao. Kabla ya kumpeleka, Papa aende mwenyewe Gitega, akae na dada yake na shemeji yake, waseme mambo wazi: mtoto atafanya kazi gani nyumbani, ni masaa gani hatasumbuliwa, mchango wa kila mwezi ni kiasi gani, na akipata shida ataongea na nani. Yasemwe mbele ya binti. Wengine wataona aibu kufanya mapatano na ndugu wa damu. Aibu hiyo ni ndogo kuliko ile ya kugombana mwaka wa pili na kumrudisha mtoto usiku. Na kama shangazi mwenyewe akisita, ashukuriwe kwa kusema kweli, na Gitega isihesabiwe tena kuwa rahisi.

Karatasi ile itasomwa wapi?

Hapa ndipo mkimbizi ana ulizo ambalo mwenyeji hana. Mwenyeji anasoma Burundi, atafanya kazi Burundi, basi. Binti wetu atafanya kazi wapi? Pengine hapa. Pengine atarudi Uvira amani ikirudi. Pengine Tanzania, Kenya, au ng'ambo. Hakuna anayejua, kwa hiyo karatasi yake inapaswa kusomeka sehemu nyingi.

Kwanza jina la karatasi. Zamani Burundi walikuwa na kandidatura na lisanse. Tangu sheria ya mwaka 2011 wako kwenye mfumo wa BMD: Baccalauréat, Master, Doctorat. Baccalauréat ya Burundi ni karatasi ya kwanza ya chuo kikuu, miaka 3, kredi 180, yaani 60 kwa mwaka. Lakini Ufaransa, na nchi nyingi zilizotawaliwa nayo, neno hilohilo ni la mtu aliyemaliza sekondari! Ukifika mbele ya mtu wa Marekani au wa Senegal ukasema una "baccalauréat", anaweza kukuandika kama mtoto wa sekondari. Na kwetu Kongo ilikuwa miaka 3 ya graduat na 2 ya lisanse. Halafu tangu mwaka wa masomo 2021-2022 Kongo nayo imeingia LMD, ambapo lisanse ni miaka 3. Kwa hiyo lisanse ya kaka mkubwa ya miaka 5 na lisanse ya mdogo wake ya miaka 3 si kitu kimoja, ingawa jina ni moja. Dawa yake si ngumu: pamoja na diploma, dai karatasi ya pointi ya kila mwaka yenye majina ya masomo, masaa na kredi, imepigwa muhuri. Mtu wa nje akiona kredi 180 anaelewa bila kubishana juu ya jina.

Pili, chuo kiwe kinatambuliwa. Burundi kuna Tume ya Taifa ya Elimu ya Juu ambayo inaangalia vyuo. Usiulize tu kama chuo kinatambuliwa. Uliza kama fakilte ile, katika mji ule, imepewa ruhusa. Chuo kinaweza kuwa halali na tawi lake jipya likawa bado linangoja. Muuliza haya asione haya. Burundi iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo tangu 2022. Jumuiya ina baraza la vyuo vikuu, IUCEA, lenye makao Kampala, na tangu 2017 nchi zake zilitangaza kwamba elimu ya juu iwe eneo moja. Hiyo inasaidia tu kama chuo chako kwanza kinatambuliwa kwako.

Tatu, na hili watu wengi hawalijui: uhasibu hauko sawa kila nchi. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, umoja wa nchi 17 zenye sheria moja za biashara na mpango mmoja wa hesabu unaoitwa SYSCOHADA. Burundi haimo. Burundi ina mpango wake wa taifa wa hesabu. Tanzania na Kenya wao wanafuata kanuni za kimataifa za IFRS. Maana yake ni nini? Binti akimaliza Gitega au Ngozi na kurudi Uvira kutafuta kazi ya uhasibu, atakuta namba za akaunti na baadhi ya vitabu si vile alivyozoea. Hiyo si sababu ya kuacha kusoma Burundi. Msingi ni uleule, deni ni deni na faida ni faida. Ni sababu ya kuuliza katika kila chuo: je, munafundisha pia OHADA? Munafundisha IFRS? Kiingereza cha biashara ni masaa mangapi? Chuo kitakachojibu vizuri maulizo hayo kimempita mwenzake, hata kama majengo yake hayana rangi.

Na staji. Papa anafikiri staji nzuri ni ya makao makuu. Mimi ningemuambia aangalie Kobero, kwetu hukuhuku Muyinga, mkoa wa zamani ambao tangu mgawanyo mpya wa mwaka 2025 umo ndani ya mkoa wa Buhumuza. Malori ya mizigo kutoka Tanzania yanaingia pale. Kuna forodha, kuna watu wa OBR, ofisi ya mapato ya Burundi, kuna wakala wa kutoa mizigo. Madereva wanaongea Kiswahili, karatasi zimeandikwa Kifaransa na Kiingereza. Kijana wa kambini anayejua Kiswahili na uhasibu ana kitu ambacho wengi wa Bujumbura hawana. Hata COOPEC, zile kooperative za akiba na mkopo zilizo karibu kila mahali, mtu anajifunza ndani yake mkopo ni nini kuliko kwenye kitabu.

Wanaolipa

Kama mnatafuta mfadhili, mambo mawili. Ufadhili wa DAFI, ambao Ujerumani ilianza kuutoa pamoja na UNHCR mwaka 1992, ni kwa ajili ya wakimbizi wanaosoma masomo ya kwanza ya chuo kikuu katika nchi walikokimbilia. Nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi. Kabla ya kujiandikisha chuo chochote, uliza ofisi kama mfadhili anakubali chuo hicho na fakilte hiyo. Kuna watu wanalipa uandikishaji kwanza, halafu wanagundua mfadhili hakitaki chuo kile. La pili: fomu ya ufadhili haiuzwi. Anayekuambia "toa kitu kidogo nikuwekee jina" anakuibia, na umuripoti.

Kuna na njia ya kusomea kambini kwa kompyuta. Wakongomani wenzetu wa kambi ya Kiziba, Rwanda, walianza mwaka 2015 kusomea digrii za chuo cha Marekani, Southern New Hampshire, kupitia Kepler. Tukipata habari ya kitu kama hicho karibu na sisi, tutaiandika hapa.

Kuna nyumba nyingine hazichagui Gitega wala Ngozi, zinangoja safari. "Tukienda Marekani atasomea kule." Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wameshauza vitanda walibaki wamekaa chini. Wakati huohuo misaada ya kambini ilipungua, na tangu Februari 2025 ndugu zetu maelfu na maelfu wamevuka Rusizi wakikimbia vita, wengine wakapelekwa Musenyi, kwa hiyo kidogo kilichopo kinagawanywa kwa watu wengi zaidi. Mtoto aliyengoja safari miaka mitatu angekuwa anatetea memwari. Aanze kusoma, na ikitokea safari imefika katikati, kredi za mwaka mmoja au miwili alizomaliza, zenye karatasi, anaweza kwenda nazo na kuomba zihesabiwe huko.

Basi nyumba yetu ichague wapi? Mimi ningeanza na pesa iliyo ya hakika, si ya ahadi. Kama ndugu wa ng'ambo ameahidi kulipa, muulizeni mwaka wa tatu, si mwaka wa kwanza. Wa kwanza kila mtu anaulipa kwa furaha. Kama shangazi amekubali masharti mbele ya binti, na chuo cha Gitega kimejibu vizuri juu ya kredi na ruhusa ya fakilte, ningempeleka Gitega, kwa sababu kwa hesabu ile atafika mwisho. Kama shangazi amesita, ningemtafutia Ngozi msichana mwingine wa kambi walipe chumba pamoja; chumba cha 50,000 kinakuwa 25,000, na kwa miaka 3 anaokoa 750,000. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, ningemwambia asome mwaka mmoja wa Kiingereza na kompyuta huku Mama akimfundisha kuuza sokoni na kuweka akiba, kuliko kuanza kitu kitakachokatika mwezi wa tano. Mama hataipenda hiyo, wala binti. Lakini sauti ya binti iwe ya kwanza kusikilizwa, maana ni yeye atakayekaa kwenye lile benchi.

Kabla hajaondoka

Exetat ya Kongo na Exetat ya Burundi zina jina moja lakini ni karatasi mbili. Shule za kambi zimefuata programu ya Kongo kwa miaka mingi, kwa hiyo mwenye diploma ya Kongo anahitaji cheti cha ulinganifu kutoka kwa wizara ya elimu hapa Burundi. Kinachukua muda, kianzwe sasa. Diploma yenyewe kutoka Kinshasa inaweza kuchelewa. Uliza kama chuo kinapokea cheti cha muda cha kufaulu, na mpaka lini.

Kibali cha kutoka kambini kinaombwa ONPRA. Mwanafunzi aende na barua ya chuo inayoonyesha tarehe za masomo, aombe cha muda unaolingana na masomo, na ajue kinakwisha lini. Familia iulize pia kuhusu posho ya chakula: asipokuwepo siku ya kuhakikiwa, jina lake litakuwaje?

Na majina. Fungueni leo cheti cha ukimbizi na karatasi za shule, muviweke pamoja mezani. Pengine moja imeandikwa kwa "u" na nyingine kwa "ou", mmoja wamegeuza jina la mbele kuwa la nyuma, mwingine mwaka wa kuzaliwa umeruka. Tarehe ikitofautiana kwa siku moja, chuo kinaweza kukataa, na hata kikikubali, benki au ubalozi utakataa baadaye. Kurekebisha cheti kabla ya kujiandikisha kunaweza kuchukua wiki. Kurekebisha diploma iliyokwisha kutiwa sahihi, kunaweza kuchukua miaka. Mkimaliza, toeni fotokopi mbili, moja iende na mtoto, moja ibaki na mtu mnayemwamini ambaye hakai katika nyumba yenu.